Majani ya Chumba cha Juu

Hisham aliteremka ngazi saa nne asubuhi, mkono mmoja ukutani, mwengine umeshika karatasi laini iliyokunjwa. Mama yake, Bi Kheiria, alikuwa jikoni anachambua mchele. Hakunyanyua macho. Alizoea kwamba mwanawe akishuka saa hizo hufungua friji, hunywa maji na kurudi juu bila ya neno.

"Mama, hebu nitazamie hili."

Ndani ya karatasi mlikuwa na kipande cha jani, kirefu, chembamba, kingo zake zimechongoka kama msumeno. Kilikuwa manjano tupu, isipokuwa pale karibu na kikonyo.

Bi Kheiria alitumikia miaka ishirini na nane katika maabara ya maradhi ya mimea, na kazi yake yote ilikuwa ni kupokea majani yaliyougua. Tangu astaafu, majirani wa mtaa wake wa Bustan walikuwa bado wakimgongea mlango na majani ya mindimu yao kwenye mifuko. Mwanawe hajapata kumletea hata moja. Na tangu ajali ya gari kwenye njia ya Qurayyat, iliyomvunja mgongo, mwaka wa pili sasa, Hisham hakuwa akimwambia mama yake kitu zaidi ya salamu na "sitaki".

"Mmea gani huu?"

"Wa rafiki yangu, Salem, yuko Qurayyat. Maua, sijui ya nini. Anasema yanamfia."

"Na jani zima liko wapi? Mbona kakupa kipande?"

"Ndo alonipa hicho."

Bi Kheiria alikisogeza kile kipande dirishani, akakigeuza tumbo, akakigeuza mgongo. Hakikuwa na wadudu wala madoa. "Majani ya chini ndo yaloanza au ya juu?"

"Ya chini."

"Anamwagia mara ngapi?"

"Kila siku. Mara mbili, nafikiri."

"Mwambie anyanyue kopo. Zito au jepesi?"

"Zito," alisema Hisham, kisha akajirudi. "Nafikiri zito. Ntamuuliza."

"Basi anauzamisha. Mizizi nayo inataka pumzi. Watu wakiona jani limegeuka manjano wanakimbilia maji, na wakiongeza maji ndo linazidi. Na auache ukauke, atie kidole udongoni, mpaka vifundo viwili viwe vikavu. Na kopo alitoboe chini."

Hisham alitoa simu akaandika. Aliandika kila neno, na Bi Kheiria akaona kuwa sauti yake mwenyewe imepanda, kama ilivyokuwa ikipanda zamani mbele ya wanafunzi waliokuja maabara.

Siku ya nne yake Hisham akaleta kipande kingine. Hiki kilikuwa cha jani jipya. Kilikuwa manjano, lakini mishipa yake yote imebaki kijani.

"Hii sasa nyengine," alisema Bi Kheiria, na alikuwa karibu kucheka. "Hii njaa ya madini ya chuma. Udongo wake una ukoko mweupe juu?"

"Upo."

"Maji ya bomba hayo. Chuma kimo udongoni, ila yale maji yanakifunga, mmea haukipati. Mwambie akinge maji yanayodondoka kwenye AC, hayo hayana kitu. Aoshe udongo nayo mpaka yatoke chini masafi. Halafu kuna dawa ya chuma, unga mwekundu. Ntakununulia mimi, usihangaike na mgongo wako."

Alikwenda mwenyewe. Muuzaji wa duka la mbolea, aliyemjua tangu yuko kazini, alimuuliza kama ni kwa ajili ya ndimu. "La, ya mwanangu," alijibu Bi Kheiria, na neno hilo likampendeza kulitamka.

Wiki mbili zikenda hivyo. Hisham akaanza kula chakula cha mchana chini. Kila siku alikuwa na habari: kichipukizi kimetoka, kijani kimerudi, majani ya zamani yameanguka lakini mapya yamesimama. Bi Kheiria aliuliza hali ya mimea ya Salem kama anavyoulizwa mgonjwa wa jamaa. Baadaye, mambo yalipomfika, alijiuliza kama kweli hakujua. Katika miaka yote ile ya maabara hakuna mkulima aliyewahi kumletea jani lile, hilo ni kweli. Lakini hata siku moja hakumwambia Hisham amwombe Salem picha, na kila mtu siku hizi anatembea na kamera mfukoni.

Maji ya AC aliyabeba Wambui. Alikuwa ametoka Nyeri, Kenya, miaka minne nyuma kuja nchi ya Waarabu kufanya kazi katika nyumba hii, na kwa kuwa Hisham hakuweza kunyanyua kitu kizito, mara mbili kwa siku aliweka ndoo chini ya kibomba cha AC nyuma ya nyumba, akaipandisha mpaka mlangoni mwa chumba cha juu. Zamani kilikuwa chumba cha kusomea cha marehemu Mzee Harub, baba yake Hisham. Hisham aliufungua mlango kidogo tu, akaivuta ndoo ndani kwa mguu. Humo udi uliwaka tangu asubuhi, lakini chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine. Wambui aliijua. Kaka yake mkubwa alikuwa akirudi nayo kwenye koti, na mama yao akilia.

Aliijua tangu wiki ya kwanza, akanyamaza. Nyumba haikuwa mbaya. Alikula walichokula wenyewe, simu yake hakuna aliyeigusa, Ijumaa alikwenda kanisani Ruwi. Aliyemvuruga moyo ni Maureen, Mkenya mwenzake, walipokaa kwenye kivuli cha ukuta baada ya ibada, Wambui akamsimulia.

"Hizo ndoo anabeba nani?"

"Ni mimi."

"Na hiyo room nani hufagia?"

"Nilikuwa nafagia. Siku hizi anakataa."

"Wambui, hebu jiulize. Siku polisi wataingia huko, yule ni kijana wa hapa. Wataangalia nani ni mgeni kwa hiyo nyumba. Utajitetea aje, na Kiarabu yako ni ya jikoni?"

Jumamosi yake asubuhi Wambui alikuta ndoo tupu imewekwa nje ya mlango wa chumba cha juu, kama kawaida. Ndani yake, limegandia chini, mlikuwa na jani. La manjano, zima, vidole saba. Alisimama nalo pale ngazini kwa muda. Kisha akashuka nalo.

"Mama, naomba unisikize kidogo."

Aliliweka mezani. Bi Kheiria alilitazama, na mkono wake, kwa mazoea tu, ukaligeuza kuangalia mgongo. Kidole kimoja cha jani lile alikijua. Alikuwa amekishika mara mbili kwenye mwanga wa dirisha hili hili. Hapo neno likamtoka kabla hajalipima:

"Umeileta wewe bangi hii ndani ya nyumba yangu?"

Wambui alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa amejitayarisha kwa mengi: kelele, kilio, kuambiwa anyamaze. Hili hakulitayarishia.

"Imetoka kwa ndoo," alisema. "Ndoo ya Hisham. Mama, mimi nimekaa kwako miaka minne."

"Nimekuuliza..."

"Nimesikia venye umeuliza."

Bi Kheiria alisimama, akashika kiti, akakiacha. Alipanda ngazi bila ya viatu.

Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Hisham alikuwa amelala sakafuni, miguu yote miwili juu ya kiti, ule ulalo pekee uliompa nafuu. Dirisha limezibwa kwa karatasi za kung'aa za jikoni. Chini ya taa yenye mwanga wa zambarau, kando ya rafu za vitabu vya Mzee Harub, mimea minne ilikuwa imepangwa kwenye makopo ya rangi. Pakiti ya unga mwekundu ilikuwa mezani, kijiko kimesimama ndani yake.

Mashina yalikuwa matupu chini, pale majani ya zamani yalipoanguka. Juu yalikuwa yamejaa, kijani kibichi kinachong'aa, hakuna hata ncha iliyoungua. Jambo la kwanza lililompitia Bi Kheiria, na hakuja kumwambia mtu maishani mwake, ni kwamba imepona vizuri.

"Salem yuko wapi?"

Hisham aligeuza uso. Hakujaribu kuinuka. "Hakuna Salem, mama."

"Unauza?"

"Wallahi siuzi. Nnavuta nipate kulala. Vidonge vilinimaliza tumbo, daktari akanikatia, na nikirudi ananambia fanya mazoezi. Mazoezi! Nna misumari sita mgongoni."

"Na kwa nini hukunambia?"

"Nikwambie nini? Ungenambia nisali, nivumilie."

Hayo ndiyo Bi Kheiria aliyokuwa akimwambia kila Hisham alipolalamika, mpaka akaacha kulalamika. Alikaa kwenye ukingo wa meza ya marehemu mumewe.

"Umenitia kwenye hili, Hisham. Umenituma dukani."

"Sikukutuma, mama. Ulikwenda mwenyewe." Alifumba macho. "Ulikuwa unafurahi. Kila siku nikishuka nnakukuta unanisubiri mezani. Kuna siku nilitaka kuikata yote niitupe, nikasema, sasa kesho tutazungumza nini?"

Chini walimsikia Wambui akifungua bomba na kulifunga.

"Na Wambui, mtoto wa watu?" aliuliza Bi Kheiria. "Ulikuwa unambebesha maji. Wangekuja, angesema nini?"

Hisham alifumbua macho, na usoni mwake ilionekana wazi kuwa jambo hilo halijampitia hata mara moja. Bi Kheiria alitaka kumkaripia. Akakumbuka neno lililomtoka yeye dakika kumi tu nyuma.

"Nipe mkasi," alisema.

Kutupa majani yale kwenye pipa la mtaani haikuwezekana, paka na waokotaji wangeyafichua. Kuchoma haikuwezekana, harufu ingefika msikitini. Bi Kheiria aliamua kukata vipande vidogo vidogo, kuviroweka kwenye maji ya moto na klorini mpaka visijulikane ni nini, na kuvimwaga chooni. Alimwita Wambui amletee ndoo ya pili.

Wambui alisimama chini ya ngazi. "Mama, hizo vitu sitashika tena. Unisamehe."

Bi Kheiria akaishukia na kuipandisha mwenyewe, na magoti yake ya miaka sitini na nne. Alikata kuanzia juu, jani kwa jani, kwa mkasi wa jikoni. Hisham alikaa kitandani akimtazama, akaomba kusaidia, akaambiwa akae. Ndoo ya kwanza ilikwenda. Ya pili ikenda. Ya tatu ilikwenda kwa shida. Ya nne, maji badala ya kushuka yalipanda, yakafika ukingoni na vipande vyake vya kijani, yakamwagika kwenye vigae mpaka chini ya pazia la kuogea.

Fundi wa mabomba hakuna wa kuitwa. Bi Kheiria alikunja mkono wa kanzu, akapiga magoti kwenye maji yale, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Klorini ilimuwasha. Alivuta, akatoa konzi ya nyuzinyuzi, akaitia ndoo, akarudi tena.

"Basi, mama," Hisham alisema mlangoni. "Acha. Acha, mama." Alijaribu kuinama kumshika bega, mgongo ukamgomea nusu njia, akabaki ameshikilia fremu ya mlango, analia.

Wambui alipanda na glavu za jikoni na waya wa kutundikia nguo aliounyoosha. Aliwaangalia wote wawili.

"Toka hapo, Mama. Utaumia."

Alizungusha waya, akasukuma, akavuta. Ilichukua muda mrefu. Mwisho bomba lilikohoa na maji yakashuka yote kwa pamoja. Wambui alipiga deki, akavua glavu, akanawa kwa sabuni mara tatu, hadi kwenye viwiko. Ndipo aliposema, akiwa bado ameelekea kwenye beseni:

"Nataka uniachilie. Kuna nyumba huko Sib wanatafuta mtu, Maureen ameniambia. Nataka hiyo karatasi ya kuniachilia."

"Usimpe," alisema Hisham siku ile ile mchana. Chumba cha juu kilikuwa wazi, makopo yamesuguliwa, dirisha limeachwa lipitishe joto. "Akienda atasema. Akiwa hapa ni mmoja wetu, akiwa kwa watu wengine atasema."

"Mmoja wetu," Bi Kheiria alirudia. Hisham hakuendelea.

Lakini neno la mwanawe lilimwingia Bi Kheiria. Pasipoti ya Wambui ilikuwa kwenye kabati lake, na karatasi ya kumhamisha kwa mwajiri mwengine haiwezi kuandikwa bila ya sahihi ya mwajiri wake. Kumnyima hakukuhitaji hata kusema hapana. Kulihitaji neno moja dogo, subiri. Jumapili Wambui alipomuuliza, Bi Kheiria alisema, "Subiri kidogo, mwanangu, nnaumwa na kichwa." Jumatatu alisema, "Subiri, ofisi wana watu wengi." Wambui alipika, akaandaa, akaondoka chumbani. Zamani alikuwa akisimama kuongea habari za Nyeri na mvua zake.

Jumanne asubuhi alikuja akiwa amevaa vizuri, mkoba begani.

"Mama, kama unaogopa nitasema, ningekuwa nimesema. Hiyo siku nilikuwa na hiyo jani kwa mkono. Nilikuja kwako. Sikuenda kwingine."

Bi Kheiria alimtazama. Kisha akaenda chumbani, akafungua kabati, akarudi na pasipoti. Alimpa mkononi, hakuiweka mezani.

"Nilikuuliza neno baya siku ile."

"Uliuliza."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe, Mama." Wambui aliifungua pasipoti, akaitazama picha yake, akaifunga. "Lakini siwezi kukaa."

Ofisi ya kuchapishia karatasi ilikuwa ndogo, na kiyoyozi chake kilikuwa kikali. Mwenye nyumba ya Sib, mwanamke wa makamo aitwaye Jawaher, alikuwa ameshafika, manukato yake yamejaa mpaka mlangoni. Alimtazama Wambui juu mpaka chini, akamwambia ageuke, kisha akasema na Bi Kheiria kwa Kiarabu, kama kwamba wako wawili tu.

"Miaka minne, halafu unamwacha? Ana nini? Ana mkono mrefu? Wanaume?"

Karani aliacha kuchapa. Wambui alikuwa anatazama sakafu. Kiarabu cha namna hiyo kila mfanyakazi hukijua kabla ya kujua namna ya kuomba maji.

Bi Kheiria angeweza kusema tu kuwa hana haja na mtu tena. Ndivyo watu wanavyosema, na anayeuliza hubaki na shaka yake.

"Hana kosa," alisema. "Mimi nimemdhania kosa ambalo halikuwa lake, na ananiondokea kwa hilo. Ana haki. Na simu yake umwachie, na Ijumaa ni yake."

Jawaher alicheka kidogo, asijue acheke au la. "Haya," alisema, na akamgeukia karani aendelee.

Nje, jua la saa sita lilikuwa juu ya magari yote. Wambui aliweka begi lake kwenye buti ya gari la Jawaher. Alirudi hatua mbili tatu kuelekea kwa Bi Kheiria, akampa mkono, na Bi Kheiria akaushika kwa mikono yake miwili, ngozi ya vidole bado inambambuka kwa klorini.

"Umwambie Hisham apone," alisema Wambui. Akakaa kiti cha nyuma, gari likaondoka.

Bi Kheiria alirudi Bustan peke yake, polepole, amekaa njia ya kulia ya wasio na haraka, magari yakimpita na kumpigia honi. Nyumbani alikuta sufuria haijabandikwa. Hisham alikuwa amekaa kwenye ngazi ya tatu, ameshindwa ama kupanda ama kushuka. Hakuwa amelala usiku wa siku tatu. Uso ulikuwa umemwingia ndani.

"Kashaondoka?"

"Kashaondoka. Anakwambia upone."

Hisham alifuta uso kwa mkono wa kanzu. Kisha akasema kama mtoto mdogo anavyosema, bila ya hasira na bila ya kuficha:

"Mama, naumwa."

Bi Kheiria alikaa ngazi ya chini yake. Neno la subira lilimjia mdomoni, akalimeza. "Wapi?" aliuliza.

"Kiunoni. Inateremka mguu huu mpaka kidoleni. Asubuhi sikuweza kuvaa soksi."

"Tutafute daktari mwengine. Kuna wanaotibu maumivu tu, hawana kazi nyengine. Ntaingia mimi niseme nao."

"Watanipima damu."

"Watakupima."

"Wataona."

"Wataona," alisema Bi Kheiria. "Utawaambia mwenyewe kabla hawajaona. Mimi ntakuwa nimekaa hapo hapo."

"Na wakiita polisi?"

Hakujua. Miaka yote alikuwa mtu wa kuulizwa na kujibu, na hili hakulijua. "Sijui, mwanangu," alisema. "Nitakuwa na wewe."

Hisham alitazama mlango wa mbele. Barazani viatu vya mama yake vilikuwa bado na vumbi la ofisini.

"Lini?"

"Hata kesho."

"Leo," alisema Hisham. "Kesho nitakuwa nishabadilika."

Bi Kheiria hakuwa amevua abaya tangu aingie. Alishika chuma cha ngazi akasimama, akampa mwanawe bega washuke.